Mkono wa Wabwire Juu ya Moto

Simpendi Wabwire. Naanzia hapo ili asije mtu akasema baadaye kwamba nilimpaka mafuta. Nimesimama naye nyuma ya jiko moja kwa miaka kumi na saba, hapa Mamboleo, Kisumu, uani kwa baa ya Mama Debra, na katika miaka yote hiyo sijamsikia akiniambia asante hata siku moja. Ukimwuliza yeye habari zangu atakujibu kwamba kuna mtu anaitwa Opondo anakata nyama, kisha atageuka kando ateme mate. Basi tuko sawa.

Lakini mbavu za nguruwe anajua kuzichoma. Hilo nitalisema hata mbele ya hakimu. Watu hutoka Maseno kwa gari, wakapita vibanda sita vya nyama njiani bila kupunguza mwendo, ili wale mbavu za Wabwire. Kama wewe huli nguruwe, hiyo ni shauri yako na kanisa lako. Mama yangu mzazi ni Msabato, na tangu nianze kazi hii hajanywa maji nyumbani kwangu. Nimeshazoea.

Wabwire ni mtu wa Samia, mfupi, shingo nene, na mkono wake wa kushoto hauna unywele hata mmoja kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Alikuja Kisumu kijana, akawa anakoroga saruji kwenye majengo. Siku moja mafundi walinunua mbavu, na kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mdogo kazini wakamwambia achome. Alichukua kipande cha wavu wa kuchekechea mchanga, akakilaza juu ya mawe matatu. Msimamizi alipokula akalamba vidole, akamwambia kesho asiguse koleo, achome tu. Hakurudi tena kwenye saruji. Hadithi hiyo amewasimulia kastoma mara elfu moja, na kila mara msimamizi huwa analamba vidole zaidi.

Ngoja nikueleze shida ya mbavu, maana wengi wanazila tu. Paja la nguruwe unaweza kulitishia kwa moto mkali na likakusikiliza. Mbavu hazitishiki. Zina mafuta juu, mfupa katikati, utando chini. Moto ukizidi, mafuta yanadondoka kwenye makaa, yanawaka, nyama inakuwa nyeusi nje na huku mfupani bado kuna damu. Moto ukipungua, nyama inakauka polepole mpaka kastoma anaivuta kwa meno kama anavuta kamba. Zinataka saa tatu, zimefunikwa bati, moto uleule mwanzo hadi mwisho. Kuupata moto huo ndiyo kazi yenyewe, mengine ni chumvi na kachumbari.

Wabwire huupima kwa Baba Yetu. Huweka mkono wa kushoto shubiri moja juu ya wavu, kiganja chini, anaanza sala. Hatoi sauti, midomo tu inacheza, na kwa mwendo wa mtu anayewahi kitu. Mkono ukishindwa kabla ya kufika penye mkate, huo ni moto wa ngozi na maini. Ukivumilia mpaka penye mkate, ni moto wa paja. Moto wa mbavu ni ule unaokuruhusu kupita mkate, kupita makosa na kusamehe, hadi penye majaribu, hapo ndipo uutoe mkono. Ukifika Amina umetulia, huo ni wa kupasha chai ya mgonjwa, ongeza makaa.

Hakunifundisha haya. Niliyaiba kwa macho, nikikata vitunguu na kutazama midomo yake, miaka miwili mizima. Siku niliyojaribu kuweka mkono wangu mbele yake aliupiga kwa koleo la makaa.

"Wewe ni Mjaluo, mtu ya samaki," aliniambia. "Moto ya nguruwe utajulia wapi? Kaa na kisu yako."

Kastoma walicheka. Mkewe, Nabututu, aliyekuwa akimenya vitunguu kwenye benchi, hakucheka.

"Muache, Baba," alisema. "Amefanya nini sasa?"

Huyo mama ndiye aliyekuwa akinisalimia kila asubuhi. Wabwire akinitukana, Nabututu alisema "Muache, Baba", na Wabwire aliniacha mpaka kesho yake. Mwanangu alipolazwa, aliyekuja wodini na chupa ya uji ni yeye. Nayataja haya sasa ili ujue nilichofanya nilikifanya nikiwa na akili timamu.

Nabututu alikufa mwezi wa tatu mwaka huu, kwa presha, siku nne tu hospitalini. Ijumaa mwili ukapelekwa Samia, maziko Jumamosi. Niliwaambia nitafuata Jumamosi alfajiri. Kwetu Wajaluo na kwao Waluhya, mambo mengi tunabishana, lakini hili hatubishani: mwenzako wa kazi akifiwa, unakwenda kuzika, na moto wake hauwashwi na mtu mpaka arudi auwashe mwenyewe. Hakuna anayefundishwa jambo hilo. Unakua nalo.

Jumamosi alfajiri nilipitia uani kuchukua koti langu. Nyama ilikuwa kwenye friji ya Mama Debra, na ingeweza kukaa humo mpaka Jumatatu bila shida yoyote. Nasema mwenyewe ili usinitafutie kisingizio. Nililiona pipa lile lililopasuliwa, ndilo jiko letu, wavu umesuguliwa, makaa kwenye gunia, na hakuna mtu mbele yake. Miaka kumi na saba sikuwahi kuliona pipa hilo bila Wabwire. Nikawasha.

Niliweka mkono wangu, nikasema sala. Nilifika penye majaribu na mkono ukakataa hapo hapo, kama nilivyoiona midomo yake ikifanya siku zote. Niliweka mbavu, nikafunika bati. Saa tano watu wakaanza kuingia. Jamaa mmoja dereva wa lori alikula, akanyonya mfupa, akauliza kwa sauti: "Leo nani amechoma? Hii imeshinda ya kila siku!" Wengine wakaitikia. Nilifurahi mno. Kwa saa tatu nilisahau kabisa ni nani alikuwa anafukiwa udongo.

Wabwire alirudi Jumatano, amenyolewa kichwa. Alisimama mbele ya pipa, akatazama jivu.

"Nani aliwasha?"

"Mimi."

"Siku gani?"

"Jumamosi."

"Ilikuwa mbavu?"

"Mbavu."

"Na ilitoka aje?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema ziliungua, au ngumu, au watu walikataa, na pengine angenitukana wiki moja na mambo yakaisha. Lakini nilikuwa bado na yale maneno ya dereva wa lori masikioni.

"Ilitoka poa," nilisema.

Alilichota jivu lote kwa koleo, ndoo baada ya ndoo, akalimwaga kando ya barabara kuu. Tangu siku hiyo akaacha kuniita kwa jina. Akitaka nyama anagonga meza kwa koleo. Akiwa na malalamiko anamwambia Mama Debra, nami nimesimama pale pale: "Mwambie huyo mtu wako akate vizuri."

Na tangu wiki hiyo, mbavu zikaanza kuungua.

Mwanzo tulidhani ni majonzi. Mtu amefiwa, mkono unatetemeka, ni kawaida. Lakini mkono wake haukutetemeka. Aliuweka juu ya moto vile vile, midomo ikacheza vile vile, akautoa, akaongeza makaa, na baada ya saa moja moshi mweusi ukawa unatoka chini ya bati. Nje mbavu zilikuwa nyeusi, na ukiukata mfupa damu inachuruzika. Mwalimu mmoja aliirudisha sahani mpaka mbele ya pipa, akamwekea Wabwire chini ya pua.

"Mzee, hii unataka tupate tegu? Angalia hapa! Hii ni damu ama ni supu?"

"Ni makaa," Wabwire alisema. "Huyo mtu ananunua makaa takataka."

Makaa yalikuwa yale yale, kutoka kwa mama yule yule. Juma lililofuata ilikuwa nguruwe ni wazee. Juma lingine ni upepo wa ziwani. Akabadilisha wavu, akainua pipa kwa matofali, akalishusha tena. Kastoma wakapungua, benchi moja ikabaki tupu, kisha mbili. Nami nilifurahi, siwezi kukuficha. Kila sahani iliyorudi nilikata vitunguu vyangu nikipiga mluzi. Nilitaka anisikie.

Griffins ndiye aliyenifungua macho, bila yeye mwenyewe kujua. Griffins ni mtoto wa dada yake Mama Debra, kijana wa miaka ishirini na tisa, amesomea mambo ya hoteli na hakuna asichokijua. Mwaka jana alileta kipimajoto, sahani ndogo ya saa yenye mshale, na kwa utani alikitia chini ya bati la Wabwire kila siku kwa wiki nzima. Mshale ulisimama kwenye mia moja na ishirini. Kesho yake mia moja na kumi na nane. Siku ya tatu mia moja na ishirini tena. Griffins alipiga simu kwa mwalimu wake kumsimulia. Wabwire alimwambia aondoe takataka zake kwenye chakula cha watu.

Sasa mwezi wa sita Griffins alikitia tena, akakichomoa, akatoa macho.

"Mia moja themanini na tano! Mzee, siku hizi unachoma ama unachomelea geti?"

"Mkono yangu inajua," Wabwire alisema.

Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Mtu aliyepatia mia moja na ishirini kwa mkono mtupu miaka yote hawezi kupotea hivyo ghafla kama hakuna kitu kilichobadilika. Alipoupima moto tena, niliacha kisu nikaitazama midomo.

Midomo ile naijua kuliko ya mke wangu. Penye mkate huwa inafunguka. Kisha, penye makosa na kusamehe, mdomo wa chini hujitokeza na kugonga wa juu mara kadhaa, kama mtu anayeonja mchuzi. Sehemu hiyo ni ndefu. Siku hiyo mdomo wa chini haukujitokeza. Alitoka penye mkate akaingia moja kwa moja penye majaribu. Nilimvizia tena baada ya nusu saa. Ikawa vile vile. Alikuwa anaruka.

Ikanipambazukia nikiwa nimeshika kitunguu. Wabwire ana mengi mabaya, lakini si mwongo. Hawezi kusimama mbele ya Mungu akasema anasamehe waliomkosea, na huku mimi nimesimama hatua mbili kutoka kwake nikipiga mluzi. Kwa hiyo alipaacha pale. Na kwa kupaacha, sala ikawa fupi, na mkono ulipofika penye majaribu ulikuwa haujaungua inavyostahili, naye akadhani moto ni mdogo, akaongeza makaa. Kila siku alikuwa anaongeza makaa kwa sababu yangu, wala hakulijua hilo. Alijua kwamba anaruka. Hakujua kwamba kuruka ndiko kunakounguza.

Ningemwambia sentensi moja ikatosha. Sikumwambia. Nilikaa na siri hiyo wiki tatu, na nilikuwa naamka asubuhi nikiwa na raha kama mtu aliyeficha nyama kabatini.

Kisha Mama Debra akaniita ndani ya baa. Mama Debra si mtu wa kuzungukazunguka.

"Jumamosi kuna daktari wa chuo anakuja kutoka Maseno, amepandishwa cheo, anakuja na watu arobaini," alisema. "Nimemwambia mbavu ni zile za zamani. Opondo, sahani moja tu ikirudi na damu, Wabwire aende kwao Samia akapumzike. Nimemvumilia juu ya msiba, lakini nimechoka."

"Na moto?" niliuliza.

"Moto utashika wewe. Griffins atakaa hapo na ile kitu yake. Watu bado wananiuliza nani alichoma ile Jumamosi ya Machi."

"Yeye anajua?"

"Nimemwambia asubuhi."

Nilikwenda nyumbani Manyatta kwa miguu, nikila mahindi ya kuchoma njiani kama mtu aliyeshinda kesi. Kile nilichokitaka miaka kumi na saba kilikuwa kinakuja chenyewe. Sikuhitaji kufanya lolote. Nilihitaji kufunga mdomo tu mpaka Jumamosi, na kufunga mdomo hakujawahi kumshinda mtu mvivu.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilimkuta Wabwire ameshawasha. Alikuwa amevaa shati jeupe, lile la kanisani, la mikono mirefu, ambalo sijawahi kumwona nalo kwenye moto. Mbavu kumi na nane, pande nzima nzima, zilikuwa mezani. Alizipaka chumvi na ndimu yeye mwenyewe, polepole, akaunyoosha utando kwa kidole gumba kila ubavu. Hakuniomba nimsaidie. Nilinoa kisu ambacho tayari kilikuwa kikali.

Zilikuwa mbavu nzuri. Mimi ndiye niliyewachagua wale nguruwe, na mimi niliyezikata, na sijawahi kukata mbavu safi namna ile. Mafuta yake meupe, membamba, hayazidi unene wa kidole. Nataka ulielewe hilo kabla sijaendelea.

Wabwire alikunja mkono wa shati, akauweka mkono juu ya moto. Midomo ikacheza. Penye mkate. Akaruka. Penye majaribu. Akautoa, akatikisa kichwa, akachukua koleo na kuchota makaa. Yalikuwa mengi, ya kuunguza mbavu zote kumi na nane kabla ya saa sita.

Sikumwonea huruma yeye. Niliionea huruma nyama. Ndivyo nilivyojiambia, na mpaka leo sijapata maelezo mengine.

"Umeruka," nilisema.

Koleo likasimama hewani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Machi nimsemeshe.

"Umeruka pale," nikarudia. "Tangu ile siku unaruka. Ndiyo maana unamaliza mbio, unafikiria moto ni kidogo. Moto ni kubwa, Wabwire. Sala ndiyo fupi."

Alinitazama. Nadhani alikuwa anatafuta la kunitukana nalo. Kisha nikaona macho yake yakigeuka ndani, yakirudi nyuma siku baada ya siku, sahani baada ya sahani, mpaka yakafika Machi. Akalishusha koleo.

"Tangu lini umejua?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu unaniangalia tu."

"Nakuangalia tu."

"Wewe ni mtu mbaya, Opondo," alisema. Jina langu alilitamka kama anatema mfupa.

"Hiyo najua. Pima moto."

"Mimi siwezi danganya Nyasaye, Mungu anasikia."

"Basi usimdanganye. Chukua ile saa ya Griffins. Ama hesabu nambari, moja mpaka ishirini."

"Nambari unaweza kimbiza," alisema kwa hasira. "Ukiwa na hasira unazikimbiza, ukiwa umechoka unazivuta. Hii tu ndiyo mkono yangu inajua. Nilifunzwa nikiwa na miaka saba."

Barabarani malori yalikuwa yakipiga honi. Watu arobaini walikuwa njiani. Wabwire aliutazama moto, akazitazama mbavu, akanitazama mimi kwa chuki ambayo sijawahi kuiona kwa mtu ambaye hajalewa. Kisha akaurudisha mkono juu ya wavu na kuanza upya, na mara hii akaisema kwa sauti.

Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. Alikwenda vizuri mpaka penye mkate. Alipomaliza mkate akanyamaza. Mkono ulikuwa pale pale. Niliona ngozi ikibadilika rangi, kisha jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso na kushuka puani, na mdomo wa chini ukajitokeza ukakaa hapo. Nilitaka kuuvuta ule mkono. Sikuuvuta, kwa kuwa angenipiga na koleo, na kwa kuwa nilitaka kusikia.

Akasema. Aliyasema maneno yote ya mahali pale kwa meno yaliyobanwa, haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu, na hakufika penye majaribu. Mkono ukaruka wenyewe.

"Moto ni mkali," alisema, akipumua kwa nguvu.

Akachota makaa nusu na kuyatoa, akayasambaza yaliyobaki, akangoja. Akapima tena, kwa sauti tena, akapita pale tena. Mara hii alifika penye majaribu. Akaweka mbavu, akafunika bati, kisha akanigeukia.

"Nimesema juu ya mbavu," alisema. "Sio juu yako."

"Nimesikia."

"Usifikirie kitu."

"Sijafikiria kitu."

Griffins alikuja na kipimajoto chake akakitia, akakaa akikitazama muda mrefu, akakifuta, akakitia tena. Mia moja na ishirini na mbili. Hakusema neno, na kwa Griffins hilo ni jambo kubwa.

Watu wa Maseno walikula. Nilikata mbavu na nyama ikaachia mfupa bila kulazimishwa, rangi ya udongo mwekundu, hakuna damu hata tone. Daktari mwenye sherehe alivua koti, akavua tai, mwishowe akavua saa ya mkononi. Hakuna sahani iliyorudi. Mama Debra alipita mara mbili uani, akatutazama wote wawili, akarudi ndani. Nilielewa kwamba moto haukuwa wangu tena. Iliniuma, na ikaniuma zaidi kwamba niliutupa mwenyewe kwa mdomo wangu.

Saa nane wakaagiza nyingine. Wabwire aliongeza makaa, akangoja yashike jivu. Hakuweka mkono. Kiganja chake kilikuwa na malengelenge mawili, naye alikuwa anakitazama kama si chake.

"Ile Jumamosi," alisema, bila kugeuka. "Ulipima na mkono?"

"Na mkono."

"Ulisema yote?"

"Yote."

"Hata pale?"

"Hata pale."

"Ulikuwa unaomba ama ulikuwa unapima?"

Nilikuwa na jibu moja tu. "Nilikuwa napima."

Akatikisa kichwa polepole, kama alikuwa anajua. Kisha akarudi nyuma hatua moja, hatua ya pili, mpaka pipa likabaki wazi mbele yangu.

"Haya. Pima," alisema. "Lakini mara hii uombe."

Miaka kumi na saba nilingoja aondoke mbele ya pipa lile. Niliweka kisu chini, nikajifuta, nikauweka mkono juu ya wavu. Nikaanza kwa sauti, kwa kuwa yeye alisema kwa sauti. Nilifika penye mkate kwa urahisi. Kisha nikafika penye makosa.

Hapo akanijia Nabututu. Alikuja na vitunguu vyake kwenye benchi, na chupa ya uji wodini, na jeneza nisiloliona likishuka huku mimi nimesimama hapa hapa nikisifiwa na dereva wa lori. Mdomo ukakataa kabisa. Joto likapanda. Niliisikia harufu ya nywele za mkono wangu zikiungua.

"Sema," alisema Wabwire nyuma yangu.

Sikuweza.

"Sema, Opondo. Mkono inaungua."

Nikasema. Niliomba msamaha, nikamtaja Nabututu kwa jina, mahali ambapo sala haina jina la mtu. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto na sikujali. Nikapita pale, nikafika penye majaribu, nikautoa mkono. Nilikuwa nalia, na si kwa sababu ya moshi.

Wabwire alisogea. Hakuniangalia.

"Moto ni aje?"

"Iko kali. Nimekaa sana pale, ndiyo sijui vizuri, lakini iko kali."

Alichota koleo moja la makaa akalitoa. Akachukua ubavu wa kwanza, akaulaza juu ya wavu, akanipa wa pili niuweke mimi. Tuliweka zote hivyo, mmoja yeye, mmoja mimi, mpaka zikaisha.

Jumatatu nilifika mapema nikamkuta anasugua wavu, mkono umefungwa kitambaa. Nilimsalimia. Hakuitikia. Akageuka kando, akatema mate, akagonga meza kwa koleo mara moja, na nikaanza kukata.